Kichwa cha Maceo na uongo tunaourithishana

Iko imani iliyoota mizizi huku kwetu Rusizi, Rwanda, na ukivuka mto hadi Kamanyola upande wa Kongo au ukateremka bondeni mpaka Uvira utaikuta vilevile: kwamba katika vita vya ukombozi mtu mweusi alitoa mikono na damu, akili ikatoka kwa mwingine. Mwalimu atakuambia babu zetu walipigana ovyo mpaka walipopatikana wasomi. Kijana aliyevaa fulana ya Che Guevara sokoni Bugarama atakuambia Che alikuja Kongo kuwafundisha watu weusi vita, wakamwangusha. Mzee aliyepitia seminari, mwenye kusoma sana, atakuambia Cuba ilikombolewa na mshairi José Martí. Wote watatu wanasema neno moja, na neno hilo ni uongo. Una baba yake pia, na nitamtaja.

Nianze na huyo mzee wa seminari, kwa sababu ndiye aliye karibu zaidi na ukweli. Martí alikuwa mtu mkubwa. Mwaka 1892 aliunda chama kilichowakusanya Wacuba walioishi uhamishoni, akachangisha fedha kwa wafanyakazi wa viwanda vya sigara huko Florida, akaandika dhidi ya ubaguzi wa rangi wakati wengi waliona aibu kuutaja. Lakini vita vya mwisho vya uhuru vilianza tarehe 24 Februari 1895, naye akafa vitani tarehe 19 Mei mwaka huohuo. Vita viliendelea miaka mitatu baada yake. Nani aliviongoza?

Mmoja wa viongozi hao alikuwa Antonio Maceo, aliyezaliwa Santiago de Cuba tarehe 14 Juni 1845. Mama yake, Mariana Grajales, alikuwa mwanamke huru wa asili ya Afrika katika kisiwa ambako utumwa ulikuwa bado ni sheria. Maceo aliingia katika vita vya kwanza vya kuikomboa Cuba kutoka kwa Hispania Oktoba 1868, akiwa askari wa kawaida. Miaka 10 baadaye alikuwa jenerali, na mwili wake ulijaa makovu ya risasi. Hapo ndipo wanaoamini habari ya mikono hufurahi: tazama, alikuwa shujaa wa mapanga!

Basi tutazame alichofanya bila panga. Februari 1878 wakubwa wa uasi walichoka, wakatia saini mapatano ya Zanjón. Hispania iliahidi mageuzi, ikawapa uhuru watumwa waliokuwa tayari katika jeshi la waasi, na waliobaki mashambani wakaachwa katika minyororo. Tarehe 15 Machi Jenerali Arsenio Martínez Campos, mkuu wa majeshi ya Hispania kisiwani, alikwenda mwenyewe kuonana na Maceo mahali paitwapo Mangos de Baraguá. Alidhani anakwenda kumalizia kazi. Alipotoa karatasi ya masharti ili aisome, Maceo alimzuia: hawakutaka kuisikia. Uhuru wa nchi haumo, kukomeshwa kwa utumwa hakumo, basi hakuna la kujadili. Wakakubaliana vita vianze tena baada ya siku 8.

Vita hivyo havikudumu. Mei mwaka ule Maceo alikuwa Jamaica, mkimbizi. Lakini mtu aliyekataa pale Baraguá alielewa jambo ambalo wanasheria na wenye mashamba waliotia saini hawakulielewa: kwamba uhuru wa bendera na uhuru wa mtumwa ni kitu kimoja, ukiuza kimoja umeuza vyote. Kama hiyo si fikra ya kisiasa, sijui tunaita nini fikra ya kisiasa. Utumwa wa Cuba ulikomeshwa mwaka 1886. Maceo alikuwa ameshakutaja kukomeshwa huko katika masharti yake miaka 8 kabla.

Na alikuwa akipigana na adui wa pili ndani ya kambi yake. Mwaka 1876 ulienea uvumi kwamba anawapendelea maofisa weusi na anataka jamhuri ya weusi. Akamwandikia rais wa waasi, Tomás Estrada Palma, barua ya malalamiko, ya mtu anayejua thamani ya hoja. Uvumi haukufa. Mwaka 1879, uasi ulipoanza upya, kiongozi wake Calixto García alimweka Maceo kando na kumpa mwingine uongozi wa mashariki, adui asije akauita vita vya weusi. Uasi ule ulishindwa upesi.

Halafu ukaja mwaka 1895. Tarehe 22 Oktoba Maceo aliondoka palepale Baraguá, mashariki ya kisiwa, na tarehe 22 Januari 1896 alikuwa Mantua, karibu na ncha ya magharibi. Ni miezi mitatu kamili ya kupita zaidi ya kilomita 1,000 katikati ya jeshi ambalo Hispania ililijaza askari karibu 200,000 kadiri vita vilivyoendelea. Alivuka mstari wa ngome uliokata kisiwa kutoka pwani hadi pwani, na pamoja na Máximo Gómez, jemadari mkuu wa waasi, akawafikishia vita wenye mashamba ya miwa wa magharibi waliodhani vita ni shida ya watu wa mashariki. Safari kama hiyo inataka mtu anayejua chakula kitatoka wapi, farasi watanywa wapi, na nani katika kila kijiji anaaminika. Mikono peke yake haifiki Mantua. Na tazama ni nani aliyeitwa kurudi Madrid Januari ile kwa kushindwa kumzuia: Martínez Campos, yuleyule wa Baraguá.

Maceo aliuawa tarehe 7 Desemba 1896, karibu na Havana. Sasa nimtaje baba wa uongo.

Septemba 1899 mabaki yake yalifukuliwa huko Cacahual ili yazikwe kwa heshima. Kabla ya kuzikwa, wataalamu watatu wa sayansi walikabidhiwa mifupa. Walipima fuvu, wakakadiria uzito wa ubongo, wakapima mifupa ya mikono na miguu, na mwaka 1900 wakachapisha kitabu. Walihukumu hivi: kwa mifupa ya mikono na miguu Maceo alikaribia watu weusi, lakini kwa fuvu alifanana na weupe, hata akawazidi. Walitaka kumsifu. Mbele yao walikuwa na akili kubwa katika mtu mweusi, na njia pekee waliyoiona ya kuieleza ilikuwa kumpa kichwa cha Mzungu. Kwa Mwafrika wakaacha viungo.

Hiyo ndiyo imani yetu ya Rusizi, neno kwa neno, imeandikwa kwa rula na mizani. Hatukuitunga sisi. Tumeikuta, tukaivaa.

Matunda yake Cuba iliyaona mapema. Jamhuri ilipozaliwa mwaka 1902, wapiganaji weusi waliambiwa kazi yao imekwisha, warudi mashambani. Walipounda chama chao mwaka 1908, sheria ikakipiga marufuku. Walipoandamana na silaha mwaka 1912, jeshi la nchi waliyoikomboa liliwaua watu weusi kwa maelfu. Kati ya waliouawa alikuwemo Pedro Ivonnet, ofisa aliyefuatana na Maceo hadi magharibi. Ukishakubali kwamba mtu ni mkono tu, siku kazi inapokwisha humhitaji tena.

Na wewe kijana wa fulana, sogea. Che alifika Kibamba, ufuko wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, tarehe 24 Aprili 1965, akitokea Kigoma. Hakuwa peke yake, na hakuwa kiongozi aliyetangazwa. Kikosi kile, kilichokuja kupita watu 100, karibu wote walikuwa Wacuba weusi, waliochaguliwa hivyo makusudi. Balozi aliyewapokea Dar es Salaam, Pablo Rivalta, alikuwa mweusi. Mkuu wao mbele ya wenyeji alikuwa Víctor Dreke, mzaliwa wa Sagua la Grande, mweusi, mpiganaji wa milima ya Escambray. Walipewa majina ya Kiswahili kwa hesabu: Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che, aliyejulishwa kama daktari na mkalimani wa Kifaransa, akawa Tatu.

Vita vikubwa vya kwanza vya kikosi kile vilipiganwa tarehe 29 Juni katika ngome ya Bendera, penye mtambo wa umeme. Che hakuwepo. Alibaki kambini juu ya ziwa akisubiri ruhusa ya Laurent Kabila, kiongozi wa waasi wa Kongo, ambayo haikuja. Aliyeongoza ni Dreke, na waliokwenda naye, mbali na Wacuba na Wakongo, walikuwa Wanyarwanda: wakimbizi waliokosa kwao tangu 1959, chini ya Joseph Mudandi aliyepata mafunzo China. Walishindwa vibaya. Wacuba 4 walikufa, na Wanyarwanda zaidi ya hao. Kwenye maiti za Wacuba adui alikuta karatasi zilizofichua walikotoka. Fulana gani ina sura ya Wanyarwanda wale?

Kushindwa kulikuwa na sababu, na uvivu wa Waafrika si mojawapo ya zile kubwa. Uasi wa Kongo ulikuwa umeshavunjwa nguvu kabla Wacuba hawajafika. Léonard Mitoudidi, mpangaji aliyeaminika kuliko wote pale ziwani, alizama Juni 1965. Angani zilikuwepo ndege za CIA zikirushwa na Wacuba wapinzani wa Castro, nchi kavu mamluki wa Mike Hoare. Che alikuja bila kuwaarifu kwanza wenye nchi, jambo ambalo hata mgeni wa chakula cha jioni halifanyi. Mwishowe Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaelekea kutaka wageni wote waondoke, na Tanzania ikaomba msaada ule usimame. Wacuba waliondoka tarehe 21 Novemba. Che mwenyewe aliandika kwamba hakujifunza Kiswahili vya kutosha. Kifaransa kilimkutanisha na wakubwa, kikamtenga na askari. Mwalimu wake wa Kiswahili alikuwa kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, aliyekuja kuwa daktari Cuba. Katika kambi ile aliyefundisha na aliyefundishwa hawakupangika kama fulana inavyodhani.

Dreke alirudi Afrika. Aliongoza Wacuba waliowasaidia wapiganaji wa Amílcar Cabral nchini Guinea-Bissau, na kule mambo yalikuwa wazi: Cabral, Mwafrika, mtaalamu wa kilimo, ndiye aliyeamua, Wacuba wakafuata. Guinea-Bissau ilitangaza uhuru mwaka 1973. Fulana ya Cabral pia sijaiona.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu nisingehangaika na Cuba kama ugonjwa huu usingekuwepo hapa kwetu Nyakabuye. Milima ya huku ina historia ya ufalme wa Bukunzi. Ndagano, mwami wake, aliheshimiwa kwa mvua hata na ikulu ya Rwanda, na alikwepa kuonana na watawala wa Kizungu mpaka alipokufa mwaka 1923. Wabelgiji waliikalia Bukunzi kwa jeshi. Mjane wake, Nyirandakunze, hakusalimu amri. Askari wakamuua, mwanawe Ngoga akakamatwa, na nchi ikawekwa chini ya chifu Rwagataraka. Busozo, jirani yao, ikafuata. Hao waliwasumbua Wabelgiji miaka miwili katika milima na misitu hii, na leo ukiuliza habari zao unaambiwa: walikuwa watu wa mvua, watu wa uchawi. Mama aliyewakatalia wakoloni amebaki mchawi, na uhuru tunauanzia kwa waliovaa tai mwaka 1962.

Na mafuvu? Tunayo yetu. Mwaka 1907 na 1908 msafara wa Kijerumani ulizunguka nchi hii, na Jan Czekanowski, mtaalamu wake wa vipimo vya watu, akakusanya mafuvu ya Wanyarwanda. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilipomaliza kuchunguza mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki iliyokuwa nayo, 904 yalikuwa ya Rwanda. Yalichukuliwa kwa sayansi ileile iliyogawa kichwa na mikono ya Maceo, na mgawanyo huo ulikuja kutugawa sisi wenyewe kwa pua na urefu. Tunajua ulitufikisha wapi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa historia wa Rusizi, kwa heshima yote. Mnapofundisha ukombozi, anzeni hapa milimani, kwa Nyirandakunze. Mkifika Cuba, Baraguá itangulie fulana. Mkifika Bendera, wataje Wanyarwanda waliokufa pale. Na mwanafunzi akiinua mkono kuuliza nani alikuwa akifikiri wakati hawa wakipigana, mjibuni bila kusita kwamba ni haohao.