Tiara Isiyo na Uzi

Mtu wa pwani akiambiwa wako watu wazima washindanao kwa kurusha ndege za kuchezea, hucheka. Asicheke. Ndege hizo hazina injini. Mrushaji husimama juu ya mteremko akaiongoza yake kwa redio, nayo hubebwa na upepo uliogonga mlima ukapanda. Kila ndege hukata mita 100 mara 10, kwenda na kurudi, na saa ndiyo hakimu.

Tuitazame Kakamega. Mashariki yake umesimama ukuta wa milima ya Nandi, na alasiri upepo wa ziwani huupanda. Mteremko upo, upepo upo; kilichobaki ni kuwapa vijana mbao nyepesi na mwalimu wa ufundi.

Nasi tusijione wageni. Wazee wetu walifika Maskati kwa kuujua kusi. Na Abbas ibn Firnas wa Qurtuba, karne ya 9, alijaribu kuruka kwa mbawa, akaumia. Wapokezi wakasema hakujitengenezea mkia. Kosa lake likawa somo.

Basi mzazi, umwonapo mwanao na karatasi na njiti za makuti, usimfokee. Mwulize tu: mkia umeukumbuka?