Msiikate Ngoma ya Ukambani

Wachezaji ngoma wa Ukambani huletwa uwanjani wakati msafara wa mgeni wa heshima ungali barabarani, na huondolewa mara tu ving'ora vinaposikika langoni. Kazi waliyopewa ni kuziba pengo la ratiba. Iwe ni Uwanja wa Kenyatta hapa Machakos mjini, iwe ni uwanja wa shule kule Mwala au Masinga, utaratibu ni uleule. Kiongozi wa kikundi anavutwa kando na kuambiwa afupishe, vijana waruke, watu wachangamke. Kwa kuwa anataka kuitwa tena, anakata mwanzo wa ngoma, anakata wimbo, anabakiza kuruka. Umati unashangilia. Waandaaji wanasema: hicho ndicho wananchi wanachotaka.

Si kweli. Wananchi wanashangilia walichopewa kwa sababu hawajapewa kingine.

Sina ugomvi na sarakasi. Kijana wa Kikamba anayejirusha, akajipindua hewani na kutua juu ya mdundo bila kupoteza hatua, amelipia mruko huo kwa miaka ya mazoezi, na sifa ya uchezaji huu ilikuwa imeshaenea kabla ya Bomas of Kenya kuanzishwa mwaka 1971 na kuuonyesha kwa watalii na wanafunzi. Lakini mruko ule ni jibu; ngoma ndiyo inayouliza. Wapigaji huanza chini. Mwimbaji kiongozi hutupa ubeti, wenzake wakaupokea. Filimbi hukata, mdundo hubadilika, mabega ya wachezaji hujikaza, joto likapanda hadi mwili hauna budi kuondoka ardhini. Ondoa hayo yote, na kilichobaki ni mazoezi ya viungo yenye kelele nyuma yake. Mtazamaji atapiga makofi, ndiyo. Akifika kituo cha matatu ameshasahau.

Na hapo sijaigusa kilumi. Ngoma hii ya wanawake watu wazima, ya kuombea mvua na kutuliza pepo, haina haraka na haiwezi kuwa nayo. Nguvu yake imo katika kurudia, mdundo uleule ukizunguka na kuzunguka hadi anayecheza na anayetazama wanapumua pamoja. Mwaka 1911, ngoma za pepo zilipozagaa Ukambani zikiongozwa na Siotune wa Kathuke na mwenzake Kiamba, serikali ya kikoloni iliingiwa na hofu ikawakamata na kuwahamishia mbali. Maafisa wale walijua kwamba watu wakikaa na ngoma kwa muda mrefu, jambo hutokea. Leo tunaipa kilumi dakika tatu kabla ya sala ya ufunguzi, kisha tunalalamika kwamba vijana hawaipendi.

Sasa nije kwa upande wa pili, kwa walimu na wakufunzi wanaojiona ndio walinzi wa sanaa. Tamasha la Muziki la Kenya limeokoa nyimbo nyingi ambazo zingezikwa na wazee wetu. Nalishukuru kwa hilo bila kusita. Lakini tazama kinachotokea mazoezini. Wimbo unapangwa kwa karatasi ya alama. Mkufunzi anaongeza mabadiliko ya mdundo, maumbo ya mistari, ishara za mikono, si kwa sababu wimbo unayadai bali kwa sababu jaji atayaandika. Nyuso zote zinaelekezwa mezani. Mzazi aliyesafiri kutoka Kathiani kumwona mtoto wake anakaa ukumbini bila kusemeshwa na yeyote jukwaani. Mkimuuliza mkufunzi, atawaambia kwamba hadhira haielewi sanaa ya hali ya juu.

Hao wawili, mwandaaji anayetaka miruko tu na mkufunzi anayepiga ngoma kwa ajili ya meza, wanadhani wao ni mahasimu. Ni ndugu. Wote wawili wanamdharau mtu aliyeketi kwenye nyasi. Mmoja anamwona hana subira, mwenzake anamwona hana akili.

Ugomvi huu haukuzaliwa kwetu. Marekani kuna vikosi vya vijana vya ngoma na tarumbeta vinavyoshindana kila kiangazi katika viwanja vya mpira, kwa mistari inayotembea kama jeshi na kwa muziki mgumu kweli. Mwaka 1993 kikosi kiitwacho Star of Indiana kilileta onyesho lililojengwa juu ya muziki wa Samuel Barber na Béla Bartók, mkali, usio na wimbo wa kuimbia njiani. Watazamaji wengi walikereka, na wapo walioonyesha hivyo waziwazi. Kilishindwa ubingwa kwa sehemu moja ya kumi ya alama: 97.3 dhidi ya 97.4 za wenzao wa Cadets. Kisha kikaacha mashindano. Watu walewale wakaihamishia kazi yao kwenye kumbi za maonyesho, na ikazaa onyesho la Blast!, lililofunguliwa London mwaka 1999, likafika Broadway mwaka 2001 na kupata tuzo ya Tony. Hawakuupunguza ugumu wa upigaji. Walichofanya ni kumgeukia mtazamaji, wakamwangalia usoni, wakampa muda wa kuingia. Ndipo tarumbeta na ngoma zilezile zikajaza kumbi kwa watu waliolipa kiingilio kwa hiari yao.

Lakini kwa nini niende mbali? Mwanamuziki Kakai Kilonzo na bendi yake, Kilimambogo Brothers, walitoka papa hapa. Kakai alipotaka kusikika nje ya Ukambani aliimba Kiswahili, na nchi nzima ikamsikia. Gitaa lake halikuacha kuwa la Kikamba hadi alipofariki mwaka 1987. Nyimbo za enzi ile ziligawanywa pande mbili za santuri, sehemu ya kwanza na ya pili, na msikilizaji aliinuka mwenyewe kugeuza santuri ili afike pale gitaa linapochemka. Huyo ndiye mtu mnayesema hana subira? Nendeni mkamwone leo katika dansi za benga, amesimama hadi alfajiri akingoja wimbo ukomae.

Hata ngoma ya beni ya pwani, iliyoanza miaka ya 1890 na kupanda bara, ilitafuta hukumu mitaani. Kule Mombasa, vikundi vya Kingi na Scotchi vilishindana kwa ngoma, tarumbeta, sare na gwaride, vikijitwika gharama kubwa ili mtaa uvitaje. Hakuna aliyewaambia wachezaji wao wachague kati ya ufundi na umati. Umati ndio uliowalazimisha kuwa mafundi.

Ninachokidai kinawezekana. Kaunti ina People's Park, ina uwanja uliobeba sherehe za kitaifa za Mashujaa mwaka 2016. Ina vikundi vya ngoma kila tarafa. Kisichokuwepo ni mtu mwenye bajeti anayesema: tungeni onyesho la saa nzima, tutawalipa siku za mazoezi, si nauli na soda. Na kisa cha kutungia tunacho. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilinyang'anya Wakamba mifugo yao kwa kisingizio kwamba ardhi imechoka. Maelfu ya wanaume, wanawake na watoto waliondoka vilimani wakaenda Nairobi kwa miguu kumtafuta gavana, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakikataa kurudi. Muindi Mbingu, aliyewaongoza, alikamatwa na kupelekwa Lamu. Serikali ikalegeza kamba, ng'ombe wakarudishwa.

Fikirieni kisa hicho kwa ngoma. Kilumi ya akina mama nyumbani, mahali ng'ombe walipokuwa. Mwendo wa safari ukipigwa polepole, mamia ya miguu yakikanyaga vumbi kwa mdundo mmoja. Kambini, mwali, wimbo wetu wa kukosoa, ukimrarua ofisa kwa jina. Kisha habari ya kukamatwa, na ngoma zote kunyamaza. Na vijana wanaporuka, waruke siku ng'ombe wanaporudi, ili kila mtu uwanjani ajue kwa nini miili hiyo imeshindwa kukaa chini. Hapo ndipo mruko utakapopata shangwe ambayo hakuna mwandaaji wa Machakos aliyewahi kuisikia.

Majaji wakija, waketi nyasini pamoja na wazazi. Mkufunzi aliyezoea kuangalia meza azungushe wachezaji wake waone pande zote nne za uwanja. Naye kiongozi wa kikundi anayevutwa kando na kuambiwa afupishe, akatae, na sisi tulio kwenye nyasi tumuunge mkono kwa sauti. Ratiba ya sherehe ijayo iandikwe upya: ngoma saa nzima, hotuba dakika tatu kila moja, na mgeni wa heshima afike mapema kama watu wengine, akae hadi mdundo wa mwisho.