Methali Haikuagiza Kiboko

Kwa muda mrefu, methali "Mchelea mwana kulia hulia yeye" imetumiwa shuleni kama hati ya kumruhusu mwalimu ashike kiboko. Mzazi huinena anapomkabidhi mwanawe kwa mwalimu mkuu. Mwalimu huitamka mkono ukiwa umekwisha kuinuliwa. Naye mwanafunzi huiandikia insha ya kijana aliyeishia gerezani kwa kuwa hakuchapwa utotoni. Je, hivyo ndivyo methali isemavyo?

Tuanze na maneno yenyewe. Kitenzi "kuchelea" kimetokana na "kucha", yaani kuogopa, kama tunavyosema mcha Mungu. Anayelaumiwa, basi, ni mlezi anayeogopa machozi ya mwana. Kiboko hakikutajwa, wala bakora, wala ufito. Mtoto hulia pia anyimwapo atakacho, aamrishwapo kurudia hesabu alizokosea, au azuiwapo kucheza kabla ya kumaliza kazi. Mlezi asiyestahimili kilio cha namna hiyo ndiye atakayelia baadaye. Methali inadai msimamo; maumivu tumeyaongeza sisi.

Tazama na mwenziwe: "Samaki mkunje angali mbichi." Samaki mbichi hukunjika kwa mkono mtupu, bali aliyekauka huvunjika. Hekima iliyomo ni ya kuwahi, si ya kutumia nguvu.

Watasema baadhi kwamba wazee wetu walichapa na watu wakanyooka. Kwamba walichapa, hatukatai. Lakini wazee hao hao ndio waliotuachia "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo". Aliyelelewa kwa kipigo hujifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, na somo hilo ataondoka nalo shuleni hata akisahau mengine yote.

Sheria nayo imekwisha kunena. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, inamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza adhabu za kumtesa mwanafunzi mwili au akili. Mwalimu anayejificha nyuma ya methali anavunja sheria, tena anaisingizia lugha.

Hatusahau kwamba mwalimu ana darasa lililofurika, na wazazi waliomwachia malezi yote. Kusimamia neno siku baada ya siku kunachosha kuliko kuchapa mara moja. Ndiyo maana methali ikawekwa: ulezi ni kazi ya subira.

Walimu wa Kiswahili wasitosheke mwanafunzi anapoikamilisha methali na kutaja maana yake. Wamwulize: katika usemi huu anayeonywa ni nani, na kwa kosa gani? Akiichunguza hii vizuri ataona kwamba anayeonywa ni mtu mzima. Mtoto hakushtakiwa kwa lolote.