Makinikia Mliyapigania, Mizizi Yetu Je?

Makamanda, tukumbushane. Mwaka 2017 Bunge lilikaa hapa Dodoma likapitisha sheria za rasilimali kwa hati ya dharura. Nchi nzima ilikuwa makinikia, makinikia. Mimi nasoma sheria, kwa hiyo nina ugonjwa wa kusoma mpaka kifungu cha tafsiri, kile ambacho wengi wanakiruka. Sheria Na. 5 ya 2017 inapoeleza maana ya utajiri na maliasili za nchi, haiishii kwenye dhahabu na gesi. Inataja mimea. Inataja rasilimali za kijenetiki. Inataja hata viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho.

Maana yake, mzizi wa mjafari unaochimbwa porini Mpwapwa kisheria ni mali ya taifa kama ule mchanga wa dhahabu uliozuiwa bandarini. Sasa niambieni, nani aliwahi kuunda tume ya mzizi?

Nauliza kwa sababu ya TB. Shirika la Afya Duniani limetuweka kwenye orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Huku kanda ya kati tuna wachimbaji wadogo wanaovuta vumbi la mawe kutwa nzima, na mapafu yakishaharibiwa na vumbi, TB inakuta mlango uko wazi. Dozi ya kawaida ni dawa 4 kwa miezi 6. Mdudu akishakuwa sugu, hizo hazitoshi tena, inabidi zitafutwe nyingine.

Na hizo nyingine zina mwenyewe. Dawa ya bedaquiline iliidhinishwa Marekani Desemba 2012, na hataza yake ilikuwa mikononi mwa Johnson & Johnson. Kampuni ilipotaka kuongezewa miaka India, wanawake wawili waliopona TB, Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini, waliweka pingamizi. Machi 2023 wakashinda. Wagonjwa, si mawaziri, ndio waliosimama mbele ya sheria kudai dawa ya bei nafuu. Mwenye hataza ndiye anayepanga nani apone.

Sasa mtu atasema: dada, mizizi ya porini nayo ni dawa? Swali zuri, tusidanganyane. Katika zile dawa 4 za kawaida, hakuna hata moja iliyotoka kwenye mmea. Rifampicin ilianzia kwa bakteria wa udongo wa Ufaransa, mwaka 1957. Nyingine tatu zimetengenezwa maabara. Mdudu wa TB ana ukuta wenye nta, hapenyeki kirahisi, na anakua taratibu mno kiasi kwamba jaribio moja tu linakula wiki kadhaa. Tena, kitu kuua mdudu kwenye kisahani cha maabara hakujakifanya kuwa dawa. Hata dawa ya kufulia inaua.

Lakini malaria imeshatuonyesha njia. Ile dawa mseto tunayomeza sote asili yake ni mmea wa China. Serikali yao ilianzisha mradi maalumu mwaka 1967. Mama mmoja, Tu Youyou, akapekua vitabu vya tiba vya kale, akagundua kwamba kuchemsha majani kunaharibu dawa, akaikamua bila moto mkali. Mwaka 2015 akapewa Nobel. Kilichomfikisha hapo ni maarifa ya wazee, maabara, fedha ya serikali na uvumilivu wa miaka. Wazee tunao, miti tunayo. Hayo mengine serikali ya CCM imeyaweka wapi?

Kinachojulikana ni safari tu. Mwaka 2011 viongozi walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Mei 2020 waziri akapanda ndege kwenda Madagascar kuchukua chupa za dawa ya korona. Mitishamba ikileta kamera, wapo. Ikihitaji miaka 10 ya kusaga, kuchuja na kupima sumu, huwaoni.

Wala msituambie Tanzania haiwezi. Mwaka 1977 nchi hii ilianza mpango wa taifa wa TB pamoja na Dk. Karel Styblo, na mfumo uliojengwa hapa ndio Shirika la Afya Duniani lilikuja kuusambaza duniani kote miaka ya 1990. Dunia ilijifunza kutibu TB kutoka kwetu! Leo Marekani ikisimamisha misaada, kama ilivyofanya Januari 2025, tunaanza kutazamana usoni.

Bibi yangu mzaa mama yuko Kongwa. Miaka kadhaa iliyopita walifika watu na gari, wakamuuliza miti ya kikohozi kwa Kigogo, mmoja mmoja, wakabeba magome, wakamwachia kilo mbili za sukari. Hakuna karatasi aliyosaini. Nilipomuuliza ni akina nani, alinijibu, "Mjukuu wangu, watu wa gari hawaulizwi." Hiyo sentensi inaniuma mpaka leo. Mwaka 1892 Mjerumani alichukua ua la Usambara likawa biashara ya dunia, sisi tukabaki na jina. Miaka zaidi ya 130 baadaye bado tunalipwa sukari.

Tunachodai ni hiki:

1. Sheria Na. 5 ipewe meno upande wa mimea. Anayechukua mzizi au maarifa ya mzee asaini mkataba, kwa Kiswahili, wenye fungu la kijiji na la mganga.

2. Fedha. Januari 2006 Umoja wa Afrika ulikubaliana Khartoum kila nchi itenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Wabunge waiulize serikali kila bajeti, hapahapa Dodoma, NIMR na Taasisi ya Tiba Asili Muhimbili wamepata ngapi.

3. Matokeo yawekwe wazi. Mti uliopimwa ukafaulu tuujue, na uliofeli tuujue pia.

4. Anayeuza chupa stendi akisema inatibu TB bila ushahidi achukuliwe hatua. Huyo anaua watu wetu, na anawaharibia jina waganga wa kweli.

Na wewe unayesoma: ukikohoa wiki mbili, nenda kituo cha afya ukapime. Matibabu ya TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Anza dozi, maliza dozi. Tunadai dawa mpya, ila tunataka uwepo siku zikipatikana.

Haki haiombwi, inadaiwa. Na mizizi yetu nayo tutaidai.