Mboloko Hana Mwezi wa Kuzaa

Hapa Kamituga, mji wa dhahabu mashariki mwa Kongo, kuanzia sokoni hadi machimboni, watu husema: nyama ya pori ina msimu wake wa kuzaa, tuipumzishe miezi michache, kisha turudi na mitego bila kosa. Imani hiyo ni ya uongo, nayo inaumaliza msitu wetu wa Mwenga.

Imani hiyo inafaa nchi za baridi tu. Kulungu wekundu wa Ulaya hupandana Septemba na Oktoba, wakabeba mimba karibu miezi minane, wakazaa Mei au Juni majani yakiwa mabichi. Kinachowaongoza ni mwanga: usiku ukirefuka, ubongo hutoa homoni ya melatonini kwa saa nyingi zaidi, na mwili ukajiandaa kupandana. Kamituga iko kama digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Mwaka mzima urefu wa mchana wetu haubadiliki hata nusu saa. Mwanga huo utampangia mboloko, paa mdogo wa msitu wetu, mwezi gani?

Mboloko huzaa mwezi wowote. Hubeba mimba karibu miezi saba, akapata mtoto mmoja, ilhali mbuzi hubeba mitano na mara nyingi huzaa mapacha. Chakula na afya ya jike vina uzito mkubwa katika kuamua lini atashika mimba tena. Hata huko Ulaya, mwanga hauamui peke yake. Kisiwani Rum, Uskoti, watafiti wamefuatilia kulungu mmoja mmoja tangu miaka ya 1970, wakaona kuwa jike aliyechoshwa na kunyonyesha huweza kuchelewa kuzaa mwaka unaofuata, au asizae kabisa.

Kwa hiyo jike utakayemnasa Februari au Agosti huenda ana mimba, au ameacha mtoto kichakani. Kufunga uwindaji miezi mitatu huahirisha mauaji tu, na mtego wa waya uliosahaulika hauna likizo.

Najua wachimbaji wanahitaji kula, na nyama ya pori iko karibu. Lakini mnyama anayezaa mmoja mmoja hawezi kulisha mji wa dhahabu. Wenye mashimo wawape watu wao maharagwe, samaki na mbuzi. Machifu, pamoja na walinzi wa Hifadhi ya Itombwe iliyoundwa 2006, watenge mabonde yasiyowindwa mwezi wowote, na waya zote zing'olewe humo. Tufunge mahali, tuache kufunga miezi.