Tuanze na presha, si shingo

Anayetaka kila mkazi wa Kampala aliyevuka miaka 40 apigwe ultrasaundi ya shingo anaezeka kabla ya kujenga. Mashine hupima kasi ya damu: ikizidi sentimita 230 kwa sekunde, mshipa wa shingo hukadiriwa kuwa umebana kwa asilimia 70 au zaidi. Haya, halafu? Kwa wasio na dalili, jopo la kinga la Marekani, USPSTF, lilikataa upimaji huo 2014, likarudia 2021: majibu ya kukosea huwafikisha watu kwenye kisu, na kisu chenyewe huweza kuleta kiharusi. Mwenye dalili, aliyelegea mkono dakika kumi akapona, huyo apimwe leo hii. Lakini muuza matoke wa Nakasero, aliyevimba miguu kwa kusimama, hajawahi hata kufungwa kipimo cha presha.