Ndege huyu hana ng'ambo ya kukimbilia

Kuna watu wakisikia kijana Mkenya ameamka alfajiri kwenda kutazama ndege, hucheka. Watakwambia hiyo ni kazi ya wazungu, tena wastaafu. Haya, wacheke. Wanaokosa uhondo ni wao.

Aprili iliyopita tulikwenda Kinangop, marafiki wanne na darubini moja ya kuazima. Nauli ya matatu hadi Njabini, chupa ya chai na viatu vya mvua, basi. Masika yalikuwa yameanza na mbayuwayu walijipanga juu ya nyaya za stima. Msimu huo ndio wao hufunga safari kurudi Ulaya, kuzaliana huko baridi ikiisha.

Sisi lakini tulimfuata mwingine, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Ni ndege mdogo wa nyasi: mgongo wa kahawia wenye michirizi, kifua cha manjano, na ukucha mrefu wa nyuma. Tulitembea saa tatu nzima kabla hajajitokeza. Jamani, ile manjano! Ndege huyu yuko Kenya peke yake duniani, kwenye nyasi za nyanda za juu, na yumo katika orodha ya IUCN ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Adui yake ni jembe. Nyasi za Kinangop si mbuga ya serikali, ni mashamba ya watu, waliogawiwa miaka ya 1960 masetla walipoondoka. Ng'ombe na kondoo wakilishwa kwa kiasi, ndege huyu huishi nao vizuri. Nyasi zikilimwa zikapandwa viazi, hana pa kutaga, maana kiota chake kiko chini nyasini.

Mzee mwenye shamba alitusikiliza tukimsifu ndege wake hadi tukachoka. Kisha akauliza: "Sawa vijana wangu, huyu ndege atanilipia karo?"

Naona swali hilo ni la haki kabisa. Shirika la Nature Kenya limewahi kununua vipande vya ardhi huko ili nyasi zibaki, na linastahili pongezi. Lakini haiwezekani kununua Kinangop nzima. Iliyobaki imo mikononi mwa wazee kama huyu, na kuwahubiria uzalendo mfukoni hakuna kitu ni kuwaonea. Anayekwenda kumwona ndege amlipe mwenye shamba kiingilio, amkodi kijana wa pale amwongoze, na ale chakula pale pale Njabini. Serikali ya kaunti nayo ifikirie kumpunguzia mzigo mkulima anayeacha nyasi zake bila kuzilima.

Mbayuwayu akikuta hapa pameharibika, anaweza kuruka atafute kwingine. Ana mabara mawili. Huyu wetu ana nchi moja tu.

Kwa hiyo ukipata Jumamosi bila kazi, panda matatu uende. Na usisahau kiingilio cha mzee.